Mkalimani wa Redio

Juzi mjukuu wangu alianika betri za rimoti dirishani, na ile harufu ya kutu na chumvi ikanirudisha utotoni Chimala. Nilikaa kitini nimechoka ghafla, utadhani nimetoka kulima.

Miaka ya sabini betri za redio yetu zilianikwa kwenye bati la jiko kama dagaa, zipate nguvu ya kusema siku moja zaidi. Baba alikuwa kibarua wa barabara, tukimwona mwisho wa mwezi, na aliacha amri moja: redio ifunguliwe saa ya matangazo ya vifo na wagonjwa tu. Simu ilikuwa Mbeya mjini, na barua zilifika zimeshazeeka.

Mama alikuwa Mhehe wa Iringa. Kihehe chake kilimtosha sokoni kwa Wasangu wenyeji, maana lugha zao zinakaribiana, lakini Kiswahili cha redio kilimpita mbio. Basi mimi, binti wa darasa la tatu, ndiye niliyekuwa mkalimani wake. Nilijivuna mno. Nilitafsiri misiba ya watu kwa sauti ya mwalimu, naye akimsikitikia kila marehemu, hata wa Kigoma.

Mchana mmoja wa mavuno, majirani wote wakiwa kwenye mpunga, redio ilitaja jina la mjomba, kisha la mama. Bibi yangu mzaa mama amefariki. Mazishi kesho saa saba mchana.

"Wanasemaje?" mama aliuliza kwa Kihehe, mkono tayari kifuani.

Niliutazama ule mkono, nikashindwa. "Bibi anaumwa. Wanakuita."

Akashusha pumzi. "Basi kesho alfajiri. Mgonjwa haendewi mikono mitupu."

Jioni nzima alitwanga mpunga mpya wa uji wa bibi, akiimba. Mimi nilipepeta.

Tulifika kijijini jua likishuka. "Kamwene," mama alisalimia kwa sauti ya kumchangamsha mgonjwa, kapu la mchele kichwani. Watu waliokaa uani walitazamana. Mjomba alimtua lile kapu, akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba kwenye udongo mbichi.

Sikuchapwa. Wakati wa kurudi mama aliniuliza mara moja tu, "Ulisikia vizuri?" Nikasema ndiyo. Hakuuliza tena.

Wiki hiyohiyo alijiandikisha kisomo cha watu wazima. Alitoka shamba akiwa hoi, akaenda darasani, akarudi na chaki vidoleni. Mwaka haukuisha, saa ya matangazo ikifika alivuta kigoda karibu na redio, akaniambia, "Nenda kacheze." Nilikimbia kwa furaha, nikidhani mama amependa shule ukubwani.

Baadaye niliamini kwamba hakuuamini tena mdomo wangu, na mawazo hayo yamenichosha kuliko jembe. Siku hizi habari za misiba huingia kwenye simu yangu kabla chai haijachemka, na macho yangu hayaoni vizuri. Mjukuu hunyoosha mkono anisomee. Namnyima simu, naitafuta miwani, namwambia nenda kacheze.