Treni Iliyomleta Mama Kila Asubuhi

Binti yangu alikuwa hajatimiza miaka mitano mama yake alipofariki, na kwa miezi minne sikumwambia. Naliandika hilo mwanzoni kabisa, nisije nikajificha nyuma ya maneno mazuri.

Mke wangu alikuwa akinunua samaki wakavu Mulongo, kando ya mto, na kuja kuwauza hapa Kamina. Mimi nilibaki nyumbani na mtoto, kwa sababu kazi ya reli ilikuwa imekauka. Nilikuwa mpunga bendera kwenye uwanja wa kupangia mabehewa, na uwanja wenyewe ulikuwa umeota majani. Majirani walinitania, "Papa, leo umepika nini?" Niliwajibu sombe, majani ya muhogo, maana ilikuwa kweli. Sikuona haya. Nilipika, nilifua, nilisuka nywele za mtoto vibaya, na jua likiwa kali tulikaa ndani tukacheza.

Safari ile ya mwisho tumbo lilimshika mke wangu huko kando ya mto, likammaliza kwa siku mbili. Alizikwa huko huko kabla sijapata habari. Kilio tulikifanya kwa ndugu zake, mtaa mwingine, na mtoto tukamwacha kwa jirani. Dada mkubwa wa marehemu, ambaye binti yangu humwita mama mukubwa, alinivuta pembeni.

"Mutoto mudogo hawezi kubeba kilio," aliniambia. "Umwambie mama iko mu safari. Akikomaa, atajua yeye mwenyewe."

Ndivyo tunavyofanya kwetu. Mimi mwenyewe niliambiwa baba yangu yuko safarini mpaka nilipoanza shule, na nilijisemea kwamba sikuumia. Basi nikakubali. Kusema kweli nilifurahi kukubali, maana mdomo wa kulitamka jambo lile sikuwa nao.

Kilichozaa mchezo ni machozi. Kila asubuhi aliamka akimwulizia mama, akasusia uji. Siku moja nikalaza viti viwili chini, nikavifunga kwa mpira wa baiskeli nyuma ya bidoni tupu la mafuta, nikasema hii ni mashine na hayo mabehewa yake. Vizibo vya chupa vikawa tiketi. Magunzi ya mahindi yakawa abiria: huyu askari anarudi Base, kambini kwake, huyu mama mwenye kuku, huyu padri aliyesinzia akapitwa na kituo chake. Mtoto akacheka. Nikamtolea bendera zangu mbili za kazi, nikamfundisha: kijani, nenda; nyekundu, simama. Alishika upesi kuliko watu wazima niliowahi kuwafundisha.

Kisha akaniuliza gunzi lipi ni mama.

Ningeweza kusema pale pale. Badala yake nilichagua gunzi jembamba, nikalivika kipande cha kitenge. Akainua nyekundu, treni ikasimama, mama akashuka. Mtoto akalikumbatia gunzi lile na kumaliza uji wote. Kesho yake tukacheza tena, na siku zote zilizofuata. Mimi pia nilikuwa nangoja kukuche nilione likishuka. Mwanaume mzima, na ndevu zangu!

Reli kuu inapita nyuma ya nyumba zetu. Siku nyingi hakipiti kitu. Asubuhi moja ya kiangazi nilikuwa natwanga sombe uani, nikidhani mtoto yuko ndani na magunzi yake, nikasikia honi. Haikuwa ile ya kusalimia stesheni. Ilikuwa moja, ndefu, isiyokatika. Watu wa reli tunaijua: kuna mtu njiani. Nilikimbia, mchi bado mkononi.

Alikuwa amesimama katikati ya reli, bendera nyekundu ameiinua juu, mkono umenyooka, hatikisiki, kama nilivyomfundisha. Uwanjani mashine hutembea polepole. Ukiinua nyekundu inasimama hapo hapo. Maisha yangu yote nilipunga bendera uwanjani, sijawahi kusimamisha treni ya njia kuu. Haikunijia hata mara moja kumwambia kwamba treni yenye mzigo haiwezi kusimama papo kwa papo. Nilimfundisha nilichokijua, na nilichokijua kilikuwa kidogo.

Nilimnyakua, tukaanguka kwenye kokoto. Mashine ikatupita ikipiga kelele za breki, mabehewa mawili yakatupita, ndipo ikasimama. Dereva alishuka akanizaba kofi mbele ya watu. Sikumrudishia.

"Papa gani weye?" alisema. "Papa gani?" Akakaa chini akashika kichwa.

Binti yangu hakulia. Wasafiri waliokuwa wamepanda juu ya magunia ya makaa walikuwa wanashuka kuja kutazama, naye aliwakagua mmoja mmoja mpaka wa mwisho.

"Treni ilisimama, papa," aliniambia. "Sababu gani mama hashuki?"

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi nilikuwa nimekificha kilio chenyewe. Nikamwambia, hapo hapo kwenye kokoto, mbele ya dereva na wale watu: mama alikufa Mulongo, walimzika huko, hatashuka kwenye treni yoyote. Nilisema haraka na vibaya, kama mtu anayetapika. Nilitegemea apige mayowe. Alipangusa vumbi kwenye gauni.

"Mama mukubwa alijua?"

"Alijua."

"Na bale ba jirani?"

"Bote balijua."

"Na weye, wakati tulikuwa tunacheza, ulijua?"

"Nilijua."

Akauchomoa mkono wake mkononi mwangu, akatangulia nyumbani peke yake. Nilimfuata nyuma, na hakugeuka kutazama kama nakuja.

Sasa ana miaka saba. Ananisalimia asubuhi, anakula ninachopika, shuleni wanamsifu kwa adabu. Lakini nikimwambia mvua inakuja, anatoka nje kwanza, anatazama mbingu mwenyewe.