Filimbi yangu imesimamisha mechi

Leo nimesimamisha mechi nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki.

Mnanijua: nilifundisha hesabu na mpira shuleni hadi nywele zikaisha. Sasa moyo umechoka, na daktari hanifichi. Nikamwomba binti yangu Mado anipeleke kwenye uwanja wa shule kuona mechi, pengine kwa mara ya mwisho.

Filimbi yangu ya zamani ilikuwa mfukoni.

Mshambuliaji wa wageni akabaki peke yake na kipa wetu. Nikapuliza.

Wote wakasimama! Hata yule mshambuliaji akaacha mpira.

Mwamuzi, Ilunga, niliyemfundisha mwenyewe, akanijia moja kwa moja. Nikajua nafukuzwa.

"Mwalimu, ni weye?"

"Ni miye."

Mado akashika kiuno. "Papa! Pumuzi ya kupanda ngazi haiko, lakini ya kupiga filimbi iko?"

Wageni wakapiga kelele: "Ule muzee njo muchezaji wenu wa kumi na mbili!"

Ilunga akajikaza asicheke. Akachukua filimbi yangu, akaniwekea mpira mapajani. "Mechi ikisimamishwa na mutu wa inje, mpira unaangushwa. Angusha weye, Mwalimu."

Wachezaji wa timu zote mbili wakanibeba na kiti changu hadi golini. Nikauangusha.

Sasa nikiri, maana muda ni mfupi: hakukuwa na kosa lolote. Nilitaka tu kuwaona watoto wote wakigeuka kuniangalia, kama zamani.

Waligeuka.

Wanafunzi wangu mlio mbali, hata ninyi wa Sakania kule mpakani, niambieni: mngesimama?