Hofu ya Asubuhi Si Shahidi

Jumatatu ile, katikati ya kiangazi, moto ulichukua nusu ya migomba ya Mzee Mkude, nami mbele ya watu nikasema ni mimi. Naikumbuka siku hiyo, mwanangu, kuliko siku niliyoolewa. Mwaka huu, baada ya Idi, tumemzika mama mkubwa Zena, aliyenikemea siku ile, na tangu hapo maneno yake yananirudia nikiwa peke yangu. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba. Lakini hili nalijua kwa sababu lilinipata.

Nilikuwa binti, nakaa kwa mama mkubwa huku juu milimani, tena mwoga wa watu. Mtu akinisalimia ghafla nilisahau kuitikia. Jumapili palikuwa na ngoma ya kumtoa mwali, na kazi yangu ilikuwa kuleta moto, maana ngozi za ngoma zikilegea sharti zipashwe ndipo zikaze. Basi nikawa naenda jikoni na kurudi na kijinga cha moto mkononi, na kila nikipita wananipa kata ya kangara, pombe yetu ya huku. Ya kwanza niliinywa kwa aibu ya kukataa. Zilizofuata, aibu ikaniacha. Nilicheza, mwanangu! Nilicheka mbele za watu. Nikaona kumbe hivi ndivyo wenzangu wanavyoishi kila siku. Ndiyo maana sisi waoga tunaipenda pombe, na ndiyo maana asubuhi yake inatutesa kuliko wengine.

Ninyi vijana mnaiita hang'ova, na mkiitaja mnacheka. Kichwa kugonga na mdomo kukauka, hayo hupoa. Kuna lingine. Moyo unakwenda mbio na wewe umelala, unahisi kuna jambo baya umelifanya, hujui lipi. Unalitafuta. Na anayetafuta kosa kwa hofu halikosi.

Mimi nilikumbuka kijinga mkononi, nikakumbuka njia ipitayo kwenye migomba ya Mzee Mkude. Baada ya hapo, giza. Mama mkubwa hakuwepo wa kumuuliza, alikuwa ameshuka alfajiri na mzigo wa njegere kwenda kuuza mjini. Ndipo nikasikia harufu ya moshi.

Nilipofika kwenye migomba, watu walikuwa wameshauzima moto. Shomari mpiga ngoma, mtani wetu, akaniona.

"Huyo anakuja! Jana umecheza mpaka ngoma ikaomba poo. Na kijinga chetu je, umelala nacho?"

Watu wakacheka. Ulikuwa utani tu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nimeng'atwa tangu nilipofumbua macho.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia Mzee Mkude. "Nisamehe. Ni mimi."

"Marahaba. Ni wewe nini?"

"Moto. Nilipita hapa na kijinga."

"Una hakika, binti?"

Nikasema ndiyo. Ulimi hauna mfupa. Nitakwambia na jambo la aibu: nilipata nafuu. Baada ya asubuhi nzima ya kuogopa nisichokijua, kosa lenye jina lilikuwa kama maji kwa mwenye kiu.

Wanaume walikuwa wamekwisha kushika mapanga wapande kutazama kule juu, kwenye mashamba yaliyochomwa kwa ajili ya kulima. Waliponisikia wakayashusha. Chanzo si kimejulikana? Wakakanyaga majivu yaliyokuwa njiani, wakarudi makwao. Nami nikarudi kulala.

Mama mkubwa alirudi mchana, majirani wameshamweleza njiani. Hakukaa wala hakutua kapu.

"Zuhura. Ulikumbuka au uliogopa?"

"Nilikuwa nimekishika, mama."

"Ulikishika, nami nikakunyang'anya hujatoka hata uani. Nikakitumbukiza kwenye maji, nikakulaza kwa mikono yangu. Hofu yako ndiyo umewapelekea watu iwe shahidi?"

Halafu nikamwona anabadilika uso.

"Kama si wewe," akasema polepole, "huo moto umetoka wapi?"

Tulitoka mbio. Upepo wa mchana ulikuwa umeshaanza kushuka mlimani. Juu ya migomba, kisiki kilichokuwa kikiungua ndani kwa ndani tangu mashamba yachomwe kilikuwa kimepasuka, na makaa yanaruka. Tulipiga kelele. Watu wakaja na matawi mabichi, lakini moto ulikuwa umeshashika ghala la Mzee Mkude, na mahindi yote ya mwaka ndani yake. Hakufa mtu. Lakini mwaka ule wajukuu zake walikula kwenye vyungu vya wengine. Moto wa kwanza haukuwa wangu. Wa pili, mkono wangu ulikuwamo.

Jioni nikamwendea. Alikuwa amekalia kinu kilichopinduliwa.

"Mzee, asubuhi nilisema nisilolijua, na watu wakaacha kupanda juu kwa sababu yangu. Hili nalikumbuka neno kwa neno."

"Lile la asubuhi lilikuwa la kangara," akasema. "Hili nimelipokea. Kesho uje na jembe."

Mwanangu, sitakudanganya kwamba niliacha pombe siku ile. Ilinichukua miaka, na wewe ukiweza kuiacha leo, iache. Lakini ukiamka na ile hofu, kunywa maji, kunywa uji wa moto, ngoja moyo ushuke. Usishike simu ukaanza kuomba radhi kwa kila mtu. Usijihukumu, wala usijidhuru. Tafuta mtu ambaye hakulewa, umuulize. Akikwambia hukufanya, mwamini yeye, usiuamini moyo wako wa asubuhi hiyo. Akikwambia ulifanya, nenda kwa miguu yako, ulitaje kosa kwa jina lake, kisha ushike kazi ya kulitengeneza. Kukiri usilolifanya si unyenyekevu. Humfunika aliye mkosaji wa kweli, hata akiwa kisiki.

Kesho yake nilikwenda. Tulifyeka juu ya mlima, mimi na yeye, tukalima njia pana ya kuzuia moto. Jua lilipokuwa kali akasimama, akaniwekea kichwani mkono wenye udongo.

"Mungu akutulizie moyo, binti," akasema, akainama tena kulima.

Nawe, mwanangu, akutulizie wako. Amina.