Anayeomba Nyota Ififie

Saa nane mchana, mwanamke ambaye kituo kizima cha kutazama nyota humwita Mama Nyuzi ameinamia bamba la alumini lenye matundu mia sita na arobaini. Anachukua uzi wa kioo, anakagua ncha yake kwenye taa, kisha anauchomeka. Tundu moja, nyota moja. Bamba hilihili amelijaza mara nne mwezi huu.

"Nikimaliza tu, mawingu hayo," anasema bila kuinua kichwa. "Asubuhi nachomoa zote, naanza moja. Mtu atachoka, hatachoka?"

Bamba likijaa hufungwa kwenye darubini. Kila uzi hupeleka mwanga wa nyota yake kwenye mashine inayouchambua rangi, na rangi hizo huwaambia watafiti nyota imeundwa na nini, inakuja au inakwenda, na kwa kasi gani. Mama Nyuzi, aliyekuwa fundi cherehani, ana miaka sita katika kazi hii.

Nyumbani nako hapumui. Mama mkwe bado anamtaka amtazamie shemeji yake ataoa lini. "Nimemweleza mpaka mate yamenikauka. Mama, mimi sipigi ramli. Ananiuliza, sasa huko mnafanya nini?"

Lakini kinachomchoma hasa ni tundu la 418. Mwaka jana nyota yake ilisomeka hafifu kuliko zamani. Mtafiti mmoja alifurahi, akaandika kwamba nyota inafifia. Mkuu wa kituo akakataa, akasema Mama Nyuzi alipaka mafuta mikononi, yakachafua ncha ya uzi.

"Mafuta?" Anageuza viganja vyake, vikavu, vimepasuka. "Sijawahi kupaka kabla ya kazi. Mume wangu analalamika nakwaruza shuka. Halafu naambiwa mafuta."

Sasa mkataba wake mpya haujasainiwa. Unasubiri kipimo cha pili. Nyota ikisomeka angavu kama zamani, kosa ni lake. Ikiwa bado hafifu, basi inafifia kweli na yeye hana hatia. Wiki ijayo sehemu hiyo ya anga itazama pamoja na jua; itakapoonekana tena, mkataba wa sasa utakuwa umekwisha.

Uzi wa 418 ameuacha wa mwisho. Anamwita mkuu.

"Tazama mwenyewe, bosi."

Mkuu anainamia taa, anakohoa kidogo. "Safi."

"Naomba uandike, uweke na saa."

Anaandika. Ndipo uzi unapoingia tunduni.

"Nikisafishwa jina nanunua kopo kubwa la mafuta," anasema Mama Nyuzi baada ya mkuu kutoka. "Kila jioni nikimaliza kazi, nitakaa mbele ya meza ya bosi nipake polepole, kidole kwa kidole."

Anachungulia dirishani. Juu ya kilima wingu dogo limeshajitokeza.

"Umeliona?" anamuuliza mwandishi wa makala haya. "Na hilo nalo watasema nimelileta mimi."