Gunia Lililobaki Chini ya Meza

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo huirudia kichwani kila mtu anaponisifia kumbukumbu yangu. Nilikuwa kijana, msaidizi wa maabara chuoni, chini ya mwalimu tuliyemwita Babu Mizizi. Alizaliwa Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa. Fani yake ilikuwa kemia ya kaboni, na kazi yake kusaka dawa ndani ya mizizi. Alikuwa ameandika makala juu ya mzizi mmoja wa kwao wa kutibu vidonda, akaeleza umbo la dawa aliyoikuta humo. Makala ile ilinukuliwa na watafiti wa nchi ambazo mimi nilizijua kwa stempu tu. Kwa ajili yake, kamati ilikuwa karibu kumpa uprofesa.

Aliniagiza niloweke mizizi mipya kwenye spiriti, ndani ya dumu la plastiki kama kawaida yetu, maana chupa kubwa za kioo zilishavunjika. Wiki iliyofuata niliimimina spiriti kwenye chujio bila kuchungulia ndani ya dumu, nikapima kwa mashine. Babu Mizizi akaitazama karatasi, akacheka kama bwana harusi.

"Umeona, bwana mdogo? Dawa ile ile!"

Nilipoinama kuokota kalamu, nikaliona gunia la mizizi chini ya meza. Lilikuwa bado limefungwa. Nilikuwa nimesahau kuiloweka.

Huo ndio uvumbuzi wangu pekee katika sayansi, na niliupata kwa usahaulifu. Tulichokuwa tukikiita dawa kilitoka kwenye plastiki ya dumu. Spiriti ilikuwa ikikiyeyusha siku zote.

"Mwalimu," nikasema, "kamati inakaa Ijumaa. Gunia hili nani amelijua?"

"Wewe na mimi." Akakaa. "Dada yangu ana kidonda mguuni. Ameacha kwenda zahanati kwa sababu ya makala yangu. Na wewe unaniletea habari za kamati?"

Sijakaripiwa vile tena, wala hakupaza sauti. Aliliandikia jarida liifute makala, kisha tukapanda basi. Kitai tulikwama nyuma ya malori ya makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka. Mbinga alinunua bandeji. Kihagara tulimkuta dada yake akianika usipa, mguu kaufunga kwa kipande cha kanga, harufu ya kidonda ikiishinda ya samaki.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umekuja na uso wa msiba? Nani kafa?"

Akamweleza. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, huku akigeuza usipa wake.

"Ulipokuja kuisifu dawa, ulisimama kanisani, mpaka padri akapiga makofi. Leo unaikana hapa uani, unanong'ona. Nimwamini yupi?"

"Dada, twende hospitali."

"Nenda wewe. Umekonda."

Jumapili alisimama kanisani akasema yote. Watu wakadhani anawaficha dawa akawauzie wazungu. Dada yake aliendelea kunywa maji ya mizizi. Alipokubali kupelekwa hospitali, mguu ulikuwa umeshaoza, na hakurudi. Babu Mizizi alistaafu bila uprofesa, naye tumeshamzika.

Mimi niliacha kemia nikaingia kwenye uandishi, ambako nikisahau gunia hakuna mashine ya kuniumbua. Lakini mara nyingine nalitafuta jina la mwalimu kwenye simu. Makala ile bado inanukuliwa na vijana ambao hawakusoma tangazo la kufutwa kwake. Hesabu inapanda. Marehemu anazidi kuwa maarufu, kwa plastiki.

Wewe unayetazama idadi ya waliokunukuu kabla hujanawa uso, nisikilize. Kabla hujatangaza ulichokipata, pima dumu tupu. Ukigundua umekosea, sema siku hiyo hiyo, mahali pale pale uliposimama kujisifu, na kwa sauti ile ile. Usingoje kamati ipite. Sikudanganyi kwamba itatosha. Kwa mwalimu wangu haikutosha. Sema hata hivyo, maana huko Kihagara yupo mtu anayekunywa ulichokiandika.

Mungu akujalie kuliona gunia mapema, mwanangu, kabla mguu wa mtu haujaoza. Na siku utakapotaka kulificha, akuweke karibu na mtu atakayekukaripia kwa sauti ya chini.