Maharage ya Ininahazwe

Mjini Kasulu, mtu akiwa na shughuli kubwa, huuliza kwanza kama Bi Kudra atapatikana ndipo apange siku. Ana miaka sitini na mbili na magoti yameanza kumsumbua, lakini bado anapikia kuni na mafiga, na kuepua hamwachii mtu. Pilau lake humalizikia kwa kupaliwa makaa juu ya sinia, kama alivyofundishwa na mama yake kule Ujiji. Lakini linalowafanya watu wamfuate jikoni na maswali ni maharage.

Yakishaiva, chungu huteremshwa na kukalishwa juu ya kata ya majani ya mgomba. Bi Kudra hutandaza majani mabichi ya vitunguu juu ya maharage, bila kukoroga, kisha huyamwagia mawese yaliyochemshwa hadi yakafuka moshi. Majani hulia chaa, naye hufunika papo hapo na kuzungushia gunia. Hakuna kufunua mpaka chungu kinyamaze. Akiulizwa alijifunzia wapi, kwa miaka mingi alijibu kwamba ni mapishi ya bibi yake, mzaa mama.

Bibi yake hakuwahi kupika maharage hivyo.

Aliyepika hivyo alikuwa Ininahazwe, Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, aliyekuja kumenya vitunguu siku moja akakaa miaka sita. Enzi hizo Bi Kudra alikuwa akiitwa Mama Saady, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Walipika pamoja harusi, matanga na maulidi, wakala sahani moja. Mmoja akishikwa na mgongo, mwingine alichukua mwiko.

Kisha ikaja harusi moja ambayo mama wa bwana harusi alizunguka nyuma jikoni, akalipita sinia la pilau, akauliza, "Yule Mrundi wa maharage yuko wapi? Nataka nimshike mkono." Mama Saady alimwonyesha kwa kidole, akacheka. Kicheko kile hakikutoka moyoni. Shughuli iliyofuata, wenyewe walituma ujumbe kwamba wapishi waje, ila Mrundi asikose.

Huo ulikuwa mwaka 2012, na Mtabila ilikuwa inafungwa; wakimbizi walikuwa wakirudishwa Burundi, isipokuwa wale ambao mahojiano yangeonyesha hawawezi kurudi salama. Ininahazwe alikuja mchana, amevaa kitenge chake kizuri.

"Mama Saady, shamba letu kule lina watu, na ni walewale waliomuua mume wangu. Kesho nahojiwa tena. Njoo useme tu kwamba unanifahamu, na kwamba niliyokueleza miaka yote ni hayohayo."

"Nitakuja."

"Saa nne, mama."

"Saa nne nitakuwa pale."

Kesho yake Mama Saady alifua. Alifua hata nguo zilizokuwa safi. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Alijiambia kwamba neno la mpishi halibadilishi kitu mbele ya watu wenye mafaili, na huenda ni kweli. Lakini si hilo lililomzuia, na alilijua hilo akiwa ameinamia beseni. Hazikupita wiki nyingi Mtabila ikawa tupu. Kwenye harusi iliyofuata aliepua chungu mwenyewe, watu wakasifu, naye akamtaja bibi yake.

Mwaka jana aliitwa kupika harusi Kibondo. Watu wakiwa wanakula, mwanamke kijana alikuja jikoni na sahani ambayo hakuimaliza.

"Mwiriwe, mama," alisalimia kwa Kirundi. "Haya umepika wewe?"

"Ni mimi."

"Nani alikufundisha?"

"Bibi yangu."

Yule kijana alisema anaitwa Ndayikunda, ameolewa na fundi pikipiki hapohapo Kibondo. Alivuka mpaka mara ya pili mwaka 2015, yeye na shangazi yake tu. "Mama yangu alikuwa anaepua hivihivi. Tuliporudishwa shamba hatukulipata, tukalala kwenye banda la watu. Mwaka uliofuata homa ikamchukua." Akaitazama sahani yake. "Zamani alikuwa akipika Kasulu na mama mmoja, Mama Saady. Mimi nilibaki kambini na shangazi, sikuwahi kumwona. Unamfahamu?"

Zaitun, aliyeanza kazi na Bi Kudra tangu enzi hizo, aliacha kufuta masinia.

"Simfahamu," alisema Bi Kudra.

"Alimpenda sana. Aliahidiwa atasemewa, yule mama hakutokea. Shangazi akimlaumu, mama alikuwa anakataa kabisa. Alisema lazima aliugua ghafla, maana si mtu wa kukosa."

Ndayikunda akashukuru kwa chakula, akaenda zake. Zaitun akarudia kufuta masinia.

Siku ya tisa Bi Kudra alirudi Kibondo peke yake. Aliuliza kwa mafundi pikipiki hadi akaelekezwa nyumba, akamkuta Ndayikunda uani anapepeta mtama. Akapewa kigoda. Alieleza yote: jina, kufua, yule mama wa bwana harusi, wivu. Alijikaza asilie, kwa sababu aliona kulia kungekuwa kuomba huruma.

Ndayikunda alimwacha amalize.

"Kwa hiyo hukuwa mgonjwa."

"Sikuwa mgonjwa."

"Afadhali mama hakujua." Akauweka ungo chini, akaenda kufungua mlango wa ua. "Magari ya Kasulu yanapita pale barabarani, mama. Usichelewe."

Tangu hapo Bi Kudra, akiulizwa, husema maharage haya ni ya Ininahazwe wa Mtabila, kwamba yeye aliyaona tu yakipikwa, na kwamba mwenye mapishi hayo amekufa. Hulitaja jina polepole ili lishikike. Watu husikiliza kwa adabu, wengine humsifu kwa unyenyekevu wake. Kisha hurudi kwenye viti vyao na kuambiana kwamba maharage ya Bi Kudra hayana mfano.