Picha ya Mkono wa Oddvar

Gudny Tveiten aliwadharau watu wengi, na waliomchefua zaidi ni wapiga picha wa chini ya maji, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Tangu astaafu ukunga alikuwa akizama fiodini, ule mkono wa bahari ulioingia katikati ya milima, kila Jumamosi ya majira ya baridi, maji yakikata mifupa, maana ndipo yanapokuwa maangavu na koa wa baharini wanapojitokeza: wa zambarau, wa manjano, wengine weupe wenye ncha nyekundu kama njiti za kiberiti. Alilala kifudifudi kwenye mwamba mpaka vidole vikafa ganzi, akimngoja koa mmoja tu ageuke.

Oddvar Myklebust, mwenyekiti wa klabu yao, hakuwa na subira hiyo. Alikuwa na kamera ya bei mbaya, na mdomo usiojua kupumzika.

Siku moja, huko chini, Gudny alimwona akimbandua koa wa zambarau mahali alipokuwa akila na kumbandika juu ya matumbawe mekundu ili rangi zikolee. Koa akajikunja, akadondoka. Oddvar akamwokota tena. Gudny akainua kamera yake, akapiga: vidole vinene vya glavu, na katikati yake kile kiumbe kilichojikunyata.

Kwenye kibanda cha klabu, wakila keki nyembamba zilizookwa kwenye vyuma kwa jibini la kahawia, Gudny akamuuliza Oddvar mbele ya wote:

"Yule koa ulimpata wapi?"

"Nilimkuta tu."

"Ulimkuta mkononi mwako?"

"Aa, Gudny, acha hizo! Koa tu. Kwani atanishtaki?"

Wote wakaangua kicheko. Makondoo, akawaza Gudny, tena makondoo yana sufu angalau.

Kwenye maonyesho ya klabu akaitundika picha ile, kubwa, bila jina. Akasimama kando kungoja aibu imshukie mwenye mkono.

Jaji, mama mmoja mwenye skafu ya hariri aliyetoka mji wa Bergen, aliitazama mpaka machozi yakamlenga.

"Upole ulioje! Binadamu anakiokoa kiumbe kidogo namna hii."

"Hakiokoi, mama. Anakiua. Nilikuwepo."

"Ninyi wasanii," jaji akatabasamu, "hampendi kusifiwa." Akabandika utepe wa mshindi wa kwanza.

Watu wakapiga makofi. Oddvar akaja mbio, akamkumbatia Gudny kwa nguvu.

"Kumbe unanipenda, bibi wewe! Naomba nikaiweke sebuleni."

Gudny alimtazama usoni, akatafuta japo chembe ya haya. Hakuiona. Hasira iliyomjaa wiki nzima ikamwishia papo hapo. Kumkasirikia mtu huyu kulikuwa kumheshimu kupita kiasi. Akaitungua picha, akambwagia kifuani.

"Chukua. Mnafanana."

"Asante!" akasema Oddvar, kwa moyo mkunjufu kabisa.

Jumamosi iliyofuata Gudny alimshawishi wifi yake waende kuzamia upande wa pili wa fiodi, kusiko na klabu wala kibanda. Kule maji yalikuwa machafu kidogo, na koa wachache. Akasema panamfaa.